Hiace iliyovaa viatu vya Prado

Mabasi madogo yaliyozeeka hubadilishiwa janti na tairi Kampemba, Lubumbashi, kila siku. Wanaobadilisha hutazama matundu ya bolti, urefu wa meno na mng'ao. Kilo hazitazamwi.

Ukitoka Bel-Air kuelekea kartie Industriel huhitaji kuuliza kwado, fundi wa tairi, yuko wapi. Tairi moja iliyopakwa rangi imesimamishwa ukingoni mwa barabara, nyuma yake kuna rundo la nyingine, kompresa inanguruma, na mara nyingi kuna Hiace iliyoinuliwa kwa jeki huku abiria wake wakiwa wameshahamia gari lingine. Kazi ya hapo si kuziba matundu peke yake. Janti za chuma zilizokuja na gari, zenye kutu na kingo zilizopinda, hutolewa, na mahali pake hufungwa za alumini, pana na zinazong'aa, zilizotoka kwenye Prado, Hilux au gari dogo lililogongwa na kuchinjwa vipuri. Haichukui muda. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki limekuwa refu kidogo, magurudumu yanajaza matao yake, na dereva anaondoka ameridhika. Hakuna aliyevunja amri anayoijua. Hakuna pia, katika shughuli yote hiyo, aliyeinama kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi.

Basi dogo ndilo linaloubeba mji huu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ikapanuka hadi kuwa na komini 7, na mtu wa Kampemba, Ruashi au Katuba anayekwenda kazini au sokoni kwa kawaida hupanda gari la mtu binafsi. Mengi ya magari hayo ni Toyota Hiace zilizokwisha kutumika Japani kwa miaka mingi. Zilishushwa bandarini Dar es Salaam au Durban, zikakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, zikaingia mjini na usukani upande wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia. Gari la namna hiyo likifika lina umri, na tairi zake zina umri pia. Kuzibadilisha si anasa, ni lazima. Ubishi ni juu ya kipimo kinachotumika wakati wa kuchagua, na hoja ya makala hii ni kwamba kipimo kinachotawala Kampemba, yaani je, inaingia na je, bado ina meno, kinaliacha nje swali linaloamua kama abiria atafika: kila gurudumu linabeba kilo ngapi, na liliundwa kubeba ngapi.

Tani tatu juu ya tairi nne

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo ubishi mwingi unapoishia. Chukua Hiace ya abiria yenye uzito wa takriban tani 2 ikiwa tupu. Weka ndani watu 18, idadi ambayo hakuna msafiri wa Lubumbashi atakayeiona ni ya kutia chumvi, kila mmoja kilo 65. Hiyo ni kilo 1,170. Ongeza dereva na kondakta kwa mguu mmoja mlangoni, kilo 130, bila hata kuhesabu magunia ya unga au makaa juu ya paa na chini ya viti. Jumla inafika kilo 3,300. Kwa vile viti vingi na mizigo mingi viko nyuma, tukadirie kwamba asilimia 60 ya uzito huo inaangukia ekseli ya nyuma. Hizo ni kilo 1,980, na kila tairi ya nyuma inachukua 990. Mtu anaweza kubishana na makadirio haya juu au chini kidogo. Hawezi kuyapunguza hadi nusu.

Sasa soma ubavu wa tairi. Baada ya saizi huwa kuna namba nyingine, mara nyingi mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kisha herufi ya mwendo. Hiace ya kizazi kilichoanza mwaka 2004 ilitoka Japani na saizi 195/80R15, na ubavuni imeandikwa 107/105. Namba 107 maana yake tairi moja inaruhusiwa kubeba kilo 975, na 105 ni kilo 925 pale tairi zinapofungwa mbili mbili upande mmoja. Hiace ya kizazi kilichotangulia, ile ya inchi 14, huvaa 195R14 yenye 106/104, yaani kilo 950 kwa tairi moja. Ona basi kwamba hata tairi halali, mpya, zilizotoka kiwandani kwa ajili ya gari hilo, tayari ziko ukingoni mwa uwezo wake zikibeba abiria wa Kampemba. Hakuna akiba iliyobaki ya kuchezea.

Linganisha na tairi ya gari dogo. Saizi 195/65R15 na 205/55R16, ambazo zimejaa kwenye mafungu ya okazio, yaani tairi kuukuu, kwa sababu magari mengi ya Ulaya na Japani huzitumia, kwa kawaida zina namba 91. Namba 91 ni kilo 615. Tairi hiyo ikiwekwa nyuma ya basi letu la kilo 990 kwa gurudumu, inabeba zaidi ya mara moja na nusu ya kile ilichoundiwa. Na hata kilo 615 ni nyingi mno kuihesabia. Sheria ya Marekani inasema tairi ya gari dogo ikifungwa kwenye basi au gari la mizigo, uwezo wake ugawanywe kwa 1.10 kwanza, kwa kuwa magari hayo hujazwa zaidi na hutumiwa kwa ukali zaidi. Inabaki kilo 559.

*Tairi iliyoandikwa 91 hubeba kilo 615. Nyuma ya Hiace iliyojaa inawekewa karibu 990.*

Kwa nini basi haipasuki papo hapo? Hili ndilo linalowapoteza wengi, na ni haki yao kuuliza. Tairi haibebi gari kwa mpira, hubeba kwa hewa iliyofungiwa ndani na nyuzi zinazoizuia hewa hiyo isitanuke. Kila inapogusa ardhi, ubavu wake hukunjwa kisha hunyooka. Gurudumu la Hiace lina mzunguko wa mita 2 na kidogo, hivyo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kukunjwa huko hutokea karibu mara 8 kila sekunde. Uzito ukizidi, mkunjo unakuwa mkubwa. Mkunjo ukiwa mkubwa, joto linapanda. Joto likipanda, gundi inayoshikanisha mpira na nyuzi za chuma inaanza kuachia, taratibu, mahali pasipoonekana. Ndani ya mji, kwa mwendo wa kusimama na kuondoka, joto hupata nafasi ya kutoka. Ndiyo maana gari linaweza kuzunguka kati ya Bel-Air na katikati ya mji mwezi mzima bila tukio. Siku likikodiwa kwenda Likasi, kilomita kama 120 za barabara ya lami katika jua la Oktoba, bila kusimama, ndipo madeni ya mwezi mzima yanapodaiwa pamoja.

Upepo nao una sehemu yake. Tairi ya basi dogo, ile yenye herufi C mwishoni mwa saizi au LT, imejengwa ikubali shinikizo la bari 4.5, na uwezo wake wa kilo 975 au 950 unapatikana ikiwa imejazwa inavyotakiwa. Ya gari dogo hupimwa kwa bari 2.5. Anayeijaza ya gari dogo hadi ifanane na ya basi anaivunja, anayeijaza ilivyoandikwa anaiacha ilale chini ya mzigo. Hakuna upepo sahihi kwa tairi isiyo sahihi.

Matundu yanalingana, na mengine je?

Hiace za kizazi cha 2004 zina bolti 6 zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7, vipimo vilevile vya Hilux, Prado na Land Cruiser nyingi. Bahati hii imeleta biashara nzima. Janti ya Prado ya inchi 17 inakaa kwenye Hiace bila kuchongwa wala kulazimishwa, na macho yakiona bolti 6 zimeingia katika matundu 6, akili inasema imefaa. Hiace za zamani zaidi, zenye bolti 5, zina mvuto wao pia: mpangilio wake wa milimita 114.3 unafanana na wa magari madogo mengi ya Japani, na hata tundu la katikati likikataa, hakosekani anayejua kulichonga. Kwa hiyo kosa linakuja kwa njia mbili tofauti, na ni vyema kutozichanganya. Hiace ya bolti 5 hupewa magurudumu dhaifu. Hiace ya bolti 6 hupewa yenye nguvu ya kutosha lakini yaliyotengenezwa kwa ajili ya mwili mwingine.

Kwa upande wa kilo, Prado haina kosa. Tairi yake ya 265/65R17 ina namba 112, kilo 1,120, na hapo mwenye gari anaweza kusema kwa haki kwamba ameongeza uwezo. Shida iko kwenye kimo. Tairi ya asili ya Hiace ina kipenyo cha takriban milimita 693. Ile ya Prado ina 776. Tofauti ni asilimia 12. Mshale wa spidi ukionyesha 80, gari linakwenda karibu 90. Breki, ambazo hazikubadilishwa na ambazo kwenye gari la miaka 15 au 20 hazikuwa na ziada, sasa zinashika gurudumu lenye mkono mrefu zaidi, na nguvu inayofika barabarani inapungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Gari lenye tani zaidi ya 3, lenye kasi kuliko dereva anavyodhani, linasimama polepole kuliko zamani. Ukiongeza kwamba tairi pana hugusa matao usukani unapokatwa, na kwamba wengine huyakata matao ili zipite, utaelewa kwa nini mafundi wa mekanika hawawapendi mafundi wa urembo.

Kuna pia suala la kina cha janti, yaani umbali kati ya uso unaoegemea kwenye hub na mstari wa katikati wa gurudumu. Ya Hiace ni milimita 35 upande wa ndani. Za Land Cruiser za mfululizo wa 80 zilikuwa sifuri. Kuifunga ya pili mahali pa kwanza ni kulisukuma gurudumu nje kwa sentimita 3 na nusu, na beringi ambayo ilikuwa ikibeba mzigo wima juu yake sasa inaubeba kwa pembeni. Beringi hazifi kwa kelele siku ya kwanza. Hufa baada ya miezi, na anayezilipia wakati huo huwa hakumbuki tena siku ya janti.

Jambo dogo kuliko yote ndilo ambalo pengine ni la hatari kuliko yote: nati. Janti za chuma za Toyota hufungwa kwa nati zenye ncha ya koni, ambayo huingia kwenye shimo lenye umbo hilohilo. Janti nyingi za alumini za kiwanda cha Toyota, zikiwemo za Prado na Hilux, zinataka nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Koni ikikazwa kwenye shimo lililonyooka hukamata kwa ukingo mwembamba tu. Fundi anaikaza kwa nguvu zake zote, inakuwa ngumu, anaamini imekaa. Baada ya kilomita kadhaa za mashimo, alumini iliyobanwa na ukingo ule inalika, nati zinalegea, na gurudumu linaanza kucheza. Anayenunua janti za Prado bila kununua nati zake amenunua nusu ya kitu. Nati 24 si gharama inayomshinda mwenye gari, ila hakuna anayemwambia.

Haya yote hayamaanishi kwamba kupandisha janti za Hiace ni haramu. Wajapani wenyewe hufanya hivyo, na kwa wingi, kwa kuwa huko Hiace ni gari la fundi seremala siku za kazi na la kulala porini siku za mapumziko. Lakini soko lao limewawekea saizi maalumu ya 215/60R17 yenye herufi C na namba 109/107: kipenyo milimita 690, karibu sawasawa na cha asili, na uwezo wa kilo 1,030. Na janti za magari ya mizigo na mabasi huko zina alama yake, JWL-T, tofauti na JWL ya magari madogo. Alama hiyo huwa kwenye janti yenyewe na inasomeka hata hapa Kampemba, ukiifuta vumbi. Janti ya alumini yenye JWL bila T, ikiwa imetolewa kwenye gari la familia, haikupimwa kwa ajili ya kazi ya abiria 18.

Na chuma? Chuma kina sifa moja ambayo alumini haina kwenye barabara za mji huu wakati wa mvua. Kikiangukia shimo hupinda, na kwado hukinyoosha kwa nyundo. Alumini hupasuka. Ufa wake ukichomelewa kwa jinsi inavyochomelewa kando ya barabara, unarudi pale pale au sentimita moja pembeni.

Meno marefu, mpira mzee

Mteja wa okazio hupima tairi kwa kidole. Anakiingiza kati ya meno, anaona kina, anapatana bei. Kipimo hicho kina maana, kwani tairi kipara huteleza kwenye maji, lakini kinaficha umri. Tangu mwaka 2000 kila tairi yenye maandishi ya DOT huwa na tarakimu 4 mwishoni: mbili za juma na mbili za mwaka. Iliyoandikwa 3512 ilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2012. Kama msimbo una tarakimu 3 tu, tairi ni ya kabla ya 2000, na hakuna sababu ya kuendelea kupatana. Mpira hukauka na kushikana kwake na nyuzi hudhoofika hata gari likiwa limeegeshwa, hasa juani, na kampuni kama Michelin hushauri tairi iondolewe ikifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama bado inaonekana nzuri.

Uingereza ililijua hili kwa machungu. Septemba 2012 basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi ya mbele karibu na Hindhead, Surrey, likaacha barabara na kugonga mti. Watu 3 walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Tairi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Meno yake yalikuwa ya kutosha kisheria, na sheria ya wakati huo haikuwa na neno juu ya umri. Mama wa mmoja wa waliokufa alipigania mabadiliko kwa miaka, na tangu Februari 1, 2021 tairi yenye zaidi ya miaka 10 hairuhusiwi huko kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, wala kwenye gurudumu lolote la peke yake la basi dogo. Tuisome vizuri sehemu hiyo ya mwisho. Kwa basi kubwa wametofautisha mbele na nyuma. Kwa basi dogo hawakutofautisha, kwa kuwa halina tairi pacha ya kushika mzigo moja ikipasuka.

Kuna mfano mwingine wa Ulaya unaotuhusu kuliko unavyoonekana. Mercedes 207, ambayo Kinshasa iliibandika jina la roho ya mauti hadi serikali ikaleta mabasi ya roho ya uhai mwaka 2015, ni ya familia iliyoundwa Ujerumani kati ya 1977 na 1995. Kwa kampuni kama Hymer, magari ya familia hiyohiyo yalikuwa msingi wa nyumba za magurudumu: kitanda, jiko, tangi la maji, wastaafu wawili wakielekea Hispania. Wenye nyumba hizo wakikutana, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye tairi, nao wana haki. Gari lao huwa limejaa daima. Haliwi tupu kamwe kama la posta linalorudi depo. Kwa ajili hiyo watengenezaji wa Ulaya waliwawekea daraja lake, CP, tairi ya kambi inayokubali bari 5.5 nyuma. Mantiki yake ni nyepesi: gari linaloishi ukingoni mwa uzito wake linahitaji tairi yenye akiba. Hiace ya Kampemba inaishi ukingoni huohuo, au nje yake, kuanzia alfajiri hadi usiku. Tofauti ni kwamba ya mstaafu inaendeshwa majuma machache kwa mwaka na inapewa tairi bora, na ya kwetu haipumziki na inapewa zilizokataliwa.

Nani analipa

Wenye magari wana jibu, na si la kudharau. Tairi mpya za C ni ghali, wanasema, na anayezinunua hana uhakika kama si za bandia. Mashimo huziua mpya sawasawa na kuukuu, basi kwa nini kupoteza pesa? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tairi ya gari dogo ingekufa kwa shimo. Mara nyingi inakufa kwa mzigo, na inakufa mapema. Gharama ya kweli ya tairi ni bei yake ukiigawa kwa kilomita ilizokwenda, pamoja na siku ambazo gari lilisimama. Anayebadilisha okazio mara tatu wakati jirani yake anatumia C ile ile amelipa zaidi, ila amelipa kwa vipande vidogo ambavyo havionekani kwenye daftari.

Na daftari lenyewe limegawanyika. Katika mpango wa kawaida wa kazi hii, dereva hupeleka hesabu ya jioni kwa mwenye gari, na kinachobaki ni chake. Matundu ya kuziba, upepo, matengenezo ya njiani hutoka mfukoni mwake. Tairi mpya ni juu ya mwenye gari. Kwa hiyo dereva ambaye tairi yake imechoka ana njia mbili: kwenda kuomba, na kusubiri, huku hesabu ya siku ikiendelea kudaiwa; au kununua ya okazio kwa pesa za leo na kuendelea. Anachagua ya pili, na ni nani angemlaumu? Mwenye gari naye anaona gari linatembea na hana sababu ya kuuliza ni nini kilichofungwa. Uamuzi unaogusa maisha ya watu 18 unafanywa na mtu pekee katika mnyororo huu asiye na uwezo wa kuulipia vizuri. Ndiyo maana kampeni za kuwaambia madereva wawe makini hazifiki mbali. Umakini wao hauna bajeti.

*Uamuzi unaogusa maisha ya watu 18 unafanywa na mtu asiye na uwezo wa kuulipia vizuri.*

Dereva ana sababu nyingine pia, kwamba gurudumu kubwa huvuka mashimo vizuri zaidi. Kiasi fulani ni kweli. Lakini ile tofauti ya milimita 83 kati ya Hiace na Prado huliinua gari kwa nusu yake tu, sentimita 4 na kidogo, kwani nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa sentimita 4 amelipa kwa breki, usukani na beringi. Akitaka kweli kuvuka mashimo salama, ubavu mrefu wa tairi ya asili kwenye janti ya inchi 15 unafyonza pigo vizuri kuliko janti pana yenye ubavu mfupi, na jambo hilo linajulikana na kila kwado aliyewahi kupokea janti ya alumini iliyopasuka.

Kizuizi kingine?

Pingamizi zito kuliko yote linahusu dawa. Ukisema namba zikaguliwe, msikilizaji wa Lubumbashi anasikia kizuizi kingine barabarani, sare nyingine, noti nyingine inayokunjwa ndani ya karatasi za gari. Nchi haina upungufu wa sheria: kanuni za barabarani zinazotumika ni sheria ya Agosti 30, 1978, na karatasi za ukaguzi zipo. Dereva anayesimamishwa huulizwa karatasi, na tairi inaweza kuwa kipara huku karatasi ikiwa mpya kabisa. Kumpa askari orodha nyingine ya makosa, bila kubadilisha chochote kingine, kutaongeza bei ya kupita na hakutaongeza usalama. Pingamizi hili ni la kweli na halijibiki kwa kusema tu kwamba askari wawe waaminifu.

Lakini halilazimishi tuache. Linatuonyesha ukaguzi usiwekwe wapi. Kizuizini gari limeshajaa, abiria wana haraka, na kosa halirekebishiki hapo. Mahali ambapo tairi iko mkononi mwa mtu, imelala chini, maandishi yake yakitazama juu, ni kwa kwado. Yeye ndiye wa kwanza kuiona na wa mwisho kuigusa. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye kompresa, yenye mistari michache, 91 ni kilo 615, 104 ni 900, 106 ni 950, 107 ni 975, ingefanya kazi ambayo vizuizi kumi havifanyi, kwa sababu ingebadilisha mazungumzo ya bei. Kwado atauliza, kwani yeye pia anauza, kwa nini amkataze mteja? Kwa sababu iliyo wazi: gurudumu likiachia njiani, wa kwanza kutajwa ni aliyelifunga. Anayeweza kuonyesha kwamba alisoma namba na kukataa ana ulinzi ambao leo hana.

Upande wa pili uko kwenye vituo vya mabasi, ambako chama cha madereva, ACCO, tayari kina watu wanaopanga zamu za kupakia. Anayeamua gari lipi lipakie kwanza ana mamlaka ambayo askari hana: anaweza kulinyima gari nafasi bila kugusa pesa za mtu, na wenzake wote wanashuhudia. Kwa safari za ndani ya Kampemba huenda hilo likaonekana kubwa mno. Kwa zamu za Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa, ambako tairi hukutana na joto la mwendo mrefu, si kubwa hata kidogo. Na makubaliano kati ya mwenye gari na dereva yanaweza kuandikwa mstari mmoja: tairi za nyuma ni juu ya mwenye gari, za C, na siku zikichelewa hesabu ya jioni inasimama. Mstari huo ungehamisha uamuzi kutoka kwa asiye na pesa kwenda kwa mwenye nazo, bila sheria mpya na bila sare.

Mvua huanza Novemba. Kwa atakayebadilisha kabla ya hapo, na ambaye pesa zake zinatosha tairi mbili tu za C, hizo zifungwe nyuma, kwenye janti za chuma zilizonyooshwa na nati zake za koni, zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Wengi huziweka mbele kwa kuhofia usukani. Lakini kilo 1,980 ziko nyuma, na basi lililopasuka nyuma huzungushwa mkia wake kabla dereva hajajua upande gani wa kukata.